Mazoezi Yanaanzia Kisimani

Akija kocha mgeni Mtwara na begi lake la koni za mazoezi, huwa namwomba jambo moja kabla hajapanga chochote uwanjani. Awaulize vijana: leo, tangu umeamka, umefanya nini? Vijana hucheka, wanadhani ni salamu tu. Halafu majibu yanaanza kutoka. Huyu amechota ndoo nne kabla ya kengele ya shule. Yule ametwanga. Mwingine kaja kwa miguu kutoka Naliendele. Na yule aliyekaa pembeni, ambaye kocha ameshaanza kumwona mvivu, alikuwa majini na baba yake tangu saa tisa usiku.

Hao ndio tunaotaka wakimbie mita 200 mara nane, kwenye jua la saa kumi.

Mimi ni mwalimu wa shule ambaye jioni anasimamia vijana wa riadha na mpira, wavulana kwa wasichana. Sina jina la kupigiwa simu na klabu. Lakini nimekaa na vijana wa hapa muda wa kutosha kuwa na msimamo, na msimamo wenyewe ni kwamba kwetu kusini zoezi la kwanza la siku halisubiri kipenga, na mwalimu asiyelihesabu anafundisha mwili asioujua.

Nalisema hili kwa sababu mazoezi ya asili yamekuwa gumzo. Fungua simu utaona watu wanatambaa msituni, wananing'inia kwenye miti, wanabeba mawe, na chini yake maelezo kwamba mwili wa binadamu uliumbwa kwa hayo, mashine za jimu ni ubatili. Sehemu kubwa nakubaliana nayo. Ila maneno yale yameandikwa kwa ajili ya mtu anayetoka kitandani, anaingia kwenye gari, anakaa ofisini mpaka jioni. Huyo anahitaji kurudishiwa mwendo alioupoteza. Binti wa Mikindani hajapoteza kitu. Ukimpa mazoezi ya kubeba mawe juu ya ndoo zake za asubuhi, umemwongezea zamu ya pili ya kazi ileile na kuiita sayansi.

Mwenye jina kubwa katika habari hii ni Mfaransa, Georges Hébert, aliyezaliwa 1875, afisa wa jeshi la majini. Safarini aliwaona watu wa Afrika na kwingineko wenye miili myepesi, imara, yenye ustadi, ambao mwalimu wao wa mazoezi alikuwa maisha yao wenyewe. Enzi hizo mazoezi ya Ulaya yalikuwa ya kusimama mstarini na kurusha mikono juu kwa hesabu. Yeye akagawa mwendo wa binadamu mafungu 10: kutembea, kukimbia, kuruka, kwenda kwa mikono na miguu, kukwea, kujisawazisha, kutupa, kunyanyua, kujihami na kuogelea. Aliwafundisha hivyo askari wa majini huko Lorient, na 1913 akashika chuo cha wanamichezo mjini Reims. Kauli yake ilikuwa kwamba mtu awe na nguvu ili awe wa manufaa. Hata parkour, ule mchezo wa vijana wa Ufaransa wa kurukia kuta na kupaa juu ya ngazi, chimbuko lake ni zile njia za vikwazo zilizotokana na mafunzo yake.

Unaona mzunguko wenyewe. Mtu aliona miili ya watu wa mfano wa babu zetu, akaandika, na leo kijana wa Shangani ananunua bando ili amwangalie mzungu akitambaa ufukweni, huku mdogo wake anatambaa hivyohivyo uani bila malipo. Nimecheka sana juu ya hili. Lakini sitamwonea Hébert, kwa sababu mchango wake mkubwa uko kwenye daftari. Alipima. Nani ameruka kiasi gani, amenyanyua nini, ameogelea umbali gani, na wiki zijazo aongezewe kiasi gani. Sisi mwendo tunao tele, daftari ndilo hatuna.

Nianze na kuchuchumaa, maana ndiko ninakoona utajiri ulio wazi kabisa. Mwangalie mvuvi anayetengeneza nyavu Msangamkuu: visigino chini, magoti mbele, mgongo umetulia, na anaweza kukaa hivyo mpaka uchoke wewe unayemtazama. Mwangalie bibi kwenye mbuzi ya kukunia nazi, nyonga chini, kiuno kiko huru. Watafiti waliowafuatilia Wahadzabe wa upande wa ziwa Eyasi, na matokeo yakachapishwa 2020, walikuta kwamba watu wazima wanapumzika karibu saa 10 kwa siku, muda wa kufanana na wa mtu wa mjini Ulaya au Marekani. Tofauti iko kwenye mkao. Wao huchuchumaa, hupiga magoti, hukaa chini, na misuli ya miguu inaendelea kufanya kazi kidogokidogo hata wakiwa wamepumzika.

Kwa mwanamichezo jambo hili ni kubwa. Kifundo cha mguu kinachokunjika vizuri ndicho kinachompa mkimbiaji mwanzo mzuri na mruka chini utuaji salama. Kocha wa Ulaya hutumia miezi kumrudishia kijana wake mkunjo huo. Hapa kijana anakuja nao kutoka nyumbani.

Halafu sisi walimu tumeufanya adhabu! Amechelewa, kichurachura kuzunguka uwanja. Amepiga kelele darasani, pushapu. Timu imefungwa, mizunguko kumi. Ukimwadhibu mtoto kwa kumkimbiza usishangae akikua anachukia kukimbia, na kumrusha kichurachura mpaka miguu itetemeke hakulifundishi goti lake kitu chochote zaidi ya maumivu. Linganisha na mchakamchaka. Asubuhi ya baridi, shule nzima inakimbia inaimba, wa mbele anaanzisha na wa nyuma wanaitikia, na hakuna aliyekuwa akihesabu mita. Watu wazima wa leo wanaukumbuka kwa furaha. Kwenye riadha ya watoto sijaona uvumbuzi wetu mwingine unaoukaribia.

Kukwea nako nilipata somo kutoka kwa jirani, mzee aliyeishi kwa kuangua nazi za watu. Nilimuuliza mikono yake imepataje nguvu vile. Akaniangalia kwa huruma. "Nnazi haukwewi kwa mikono, mwalimu. Miguu ndiyo inayokwea, mikono inakumbatia tu." Kisha akapanda taratibu, kitanzi cha kamba miguuni, nami nikaona: magoti yanapanda, nyayo zinabana gogo, nyonga inanyooka, mwili mzima unasogea juu, na mikono inahama mwishoni kushika pale mwili ulipofika. Ni mtiririko uleule anaouhitaji mrusha tufe. Nguvu inatoka ardhini, inapita nyongani na kiwiliwili, mkono unaikuta imeshajaa. Msichana wetu wa tufe alikuwa anasukuma kwa bega peke yake. Maelezo yangu yote ya ubaoni hayakumsaidia kama jioni moja ya kumtazama yule mzee.

Wala sijawahi kumpandisha mwanafunzi mnazi, na sitafanya hivyo. Mkwezi mwenyewe, mwenye uzoefu wa miaka, akianguka huvunjika mgongo. Kamba nene ya katani iliyofungwa kwenye tawi la mwembe, mchanga umetandazwa chini yake, inatosha. Sharti ni moja: miguu ifanye kazi. Anayejivuta kwa mikono namshusha aanze upya.

Na kutwanga je? Wakitwanga wanawake wawili kwenye kinu kimoja kwa zamu, tazama kwa makini. Mchi hautui kwa njia ileile mara mbili. Mahindi yamehama, mwenzake amechelewa kidogo, mkono umechoka, na kila pigo linarekebishwa hewani, lakini ndani ya kinu linaingia. Miaka ya 1920 huko Moscow, mtafiti wa mwendo wa mwili, Nikolai Bernstein, alichunguza kwa picha mafundi wakipiga nyundo juu ya tindo, akakuta jambo hilohilo. Viungo vya mkono vilipita njia tofauti kila pigo, huku kichwa cha nyundo kikitua palepale. Hitimisho lake lilibadilisha ufundishaji wa michezo. Mtu hodari harudii mwendo mmoja uliohifadhiwa mwilini. Anarudia kulitatua tatizo, kila mara upya.

Ndiyo maana nina ugomvi na koni. Koni haiji kukukaba. Imesimama pale pale ulipoiacha, umbali uleule, na baada ya jioni chache kijana anaizunguka huku anawaza chakula. Halafu siku ya mechi anakutana na beki mwenye miguu na akili. Vijana wetu wengi wenye chenga wamezipata kwenye chandimu: uwanja mwembamba kati ya nyumba, mpira wa matambara unaodunda unavyotaka, mizizi ya mkorosho, kuku, mzee anayepita na baiskeli. Hapo mguu unajifunza kubadili uamuzi katikati ya hatua. Jioni zangu nyingi za mpira sasa ni hivyo, wanne kwa wanne, uwanja nabadilisha umbo, leo mrefu, kesho mpana, keshokutwa wenye mteremko, na mpira wa ukubwa tofauti. Koni zangu zinaonyesha mipaka. Kazi hiyo zinaiweza.

Sasa nije kwenye ndoo, maana hapa ndipo wapenzi wa mazoezi ya asili na mimi tunapoachana.

Mwaka 1986 jarida la sayansi la Nature lilichapisha vipimo vya wanawake wa Kijaluo na Kikikuyu nchini Kenya waliozoea kubeba mizigo tangu utotoni. Walitembezwa kwenye mashine huku hewa wanayopumua inapimwa. Ikaonekana kwamba mzigo wa hadi asilimia 20 ya uzito wa mwili waliubeba bila kutumia nguvu ya ziada. Vipimo vingine vya 1995 vikaeleza siri yake. Mwanamke yule akipita juu ya mguu uliokanyaga, sehemu kubwa zaidi ya nguvu ya hatua moja inaokolewa na kutumika katika hatua inayofuata, kuliko kwa mtu asiyezoea. Ukisoma hayo unajivuna. Nami nilijivuna.

Kisha chukua kalamu. Msichana wa kilo 45, asilimia 20 yake ni kilo 9. Ndoo yetu ya kawaida ni lita 20, yaani kilo 20 za maji, bado uzito wa ndoo yenyewe. Hiyo ni zaidi ya asilimia 44 ya mwili wake. Yuko mbali kabisa na ule mzigo wa bure. Na 2010 watafiti waliopima wanawake wa Afrika Kusini hawakuona faida ileile ya kubeba kichwani, wakakuta badala yake malalamiko mengi ya shingo. Kwa hiyo anayeniambia kuchota maji ni zoezi zuri la kiwiliwili, namwambia ni kweli, lita 8 kwa binti huyo, juu ya kata nzuri ya kichwani, njia tambarare. Zaidi ya hapo tunaongea habari za kazi.

Kazi hiyo kwetu ina historia ndefu. Juu ya uwanda wa Makonde mvua inazama kwenye udongo wa kichanga na mito juu haipo, maji yako mabondeni. Wanawake wa Newala kwa vizazi wameshuka miteremko ile na kuipanda tena na maji kichwani. Simama Shimo la Mungu uangalie chini kuelekea Ruvuma, utaelewa kwa nini sishangai binti wa kutoka huko akiwa na mapaja ya mkimbiaji wa milima, na kwa nini sishangai pia mama yake akilalamikia magoti.

Tunaye msichana mmoja wa mita 800. Kila Jumanne alikuwa hovyo. Wenzake walisema anaringa. Nilipomuuliza akasema mtaani kwao maji ya bomba yanatoka Jumanne alfajiri, kwa mgao, na yeye ndiye mkubwa nyumbani. Anajaza pipa na madumu yote kabla ya shule. Basi.

Kuna njia rahisi ya kupima mzigo wa mazoezi inayohusishwa na Carl Foster wa Marekani, na haihitaji kifaa cha kifuani cha kupima mapigo ya moyo wala kompyuta. Zoezi likiisha, muulize mchezaji lilikuwa gumu kiasi gani, kuanzia 0 hadi 10. Zidisha kwa dakika alizofanya. Mazoezi ya dakika 60 aliyoyapa 6 yanakuwa 360. Mimi nimeongeza safu moja kwenye daftari, nikaipa jina "kabla". Ndoo za Jumanne, dakika 50 kwa ugumu wa 6, ni 300. Nikimwongezea mazoezi yangu ya kawaida anafika 660 kwa siku moja, wakati mwenzake anayeishi nyumba yenye bomba ndani yuko 360. Kwenye daftari langu la zamani wote wawili walionekana sawa, na mmoja akaitwa mvivu. Siku hizi Jumanne anakuja, anapasha mwili, anafanya utuaji na mitupo myepesi, anakwenda zake nyumbani. Muda wake wa mita 800 umeshuka msimu huu, na sina maelezo mengine ya kutoa.

Makuli wa maghala ya korosho ndio ushahidi wangu mwingine. Mchana wanapandisha magunia kwenye malori, gunia ambalo mara nyingi ni zito kuliko aliyelibeba, kwa mwendo wa haraka unaofanana na kukimbia. Nguvu zao hakuna mwanariadha wangu anayezikaribia. Lakini wale ninaowafahamu, wakivuka miaka 40, wengi wanatembea wameegemea upande mmoja. Uzito wa gunia umepangwa na soko. Idadi imepangwa na lori. Bega ni lilelile, kuanzia gunia la kwanza hadi la mwisho, na malipo ni kwa gunia, kwa hiyo kupumzika ni hasara. Mwendo wao ni wa asili kabisa, kunyanyua na kubeba, fungu halali la Hébert. Kilichokosekana ni mtu mwenye haki ya kusema imetosha.

Msimu wa korosho unafika hata shuleni. Kuanzia Oktoba vijana wengi wanaokota wikendi nzima, wameinama, wanatenga korosho na mabibo, na Jumatatu misuli ya nyuma ya paja imevutika mpaka mwisho. Kumpigisha mbio za kasi kijana wa namna hiyo siku hiyo ni kutafuta mchaniko. Nimewafundisha kupokezana, uokote umeinama kutoka nyongani, kisha umechuchumaa, kisha umepiga goti moja. Wazazi wengine walicheka mwanzoni. Mama mmoja alinijia baadaye, "Shikamoo mwalimu, hebu nionyeshe na mimi hiyo ya goti." Nikamwonyesha.

Bahari inastahili maneno machache, maana wengi wanadhani ufukwe ni ufukwe tu. Mmoja wa watafiti wa ile mizigo ya wanawake wa Kenya, Norman Heglund, alishiriki pia kupima watu wakikimbia mchangani, matokeo yakatoka 1998. Kukimbia kwenye mchanga tifutifu kulitumia nguvu mara 1.6 ya ardhi ngumu. Nusu saa ya mchangani ni kama dakika 48 za uwanjani, na kano ya kisigino ndiyo inayolipa deni. Mimi hupanga ratiba kwa mwezi. Siku za bamvua, yaani mwezi ukiandama au ukiwa mpevu na bahari ikajaa na kupwa kupita kawaida, maji hujaa jioni, kwenye saa zetu za mazoezi, na ufukweni kinabaki kipande cha juu cha mchanga tifutifu, hivyo tunabaki uwanjani. Jumamosi ya bamvua, kama saa nne asubuhi, maji yamekupwa mbali, mchanga umeshikana na unapata uwanja mpana kuliko Nangwanda, uwanja wetu wa mpira. Hapo tunakimbia peku. Kulegeza miguu tunaingia majini mpaka kiunoni, tunatembea tu, tunapiga soga. Asiyejua kuogelea hufundishwa na wenzake. Kwa mtoto wa pwani kutojua kuogelea naona ni aibu ya sisi wakubwa.

Peku nayo ina ushabiki wake. Mtafiti Daniel Lieberman na wenzake, 2010, walionyesha kwamba waliokulia bila viatu, wakiwemo wakimbiaji wa Kenya, mara nyingi hutua kwa sehemu ya mbele au ya katikati ya unyayo, na kishindo mguuni kinakuwa kidogo kuliko cha anayetua kwa kisigino. Abebe Bikila alishinda marathoni ya Olimpiki ya Roma 1960 bila viatu. Sawa. Lakini kijana aliyevaa viatu tangu chekechea, ukimvua ghafla na kumkimbiza, mifupa ya unyayo inaweza kupata ufa. Namwanzisha kwa kutembea na kuruka kamba, nampa miezi. Na njia zetu zina misumari, chupa na miba ya mchongoma, kwa hiyo kwenye barabara kila mtu avae kiatu chake, kiwe kipya kiwe cha mtumba.

Namungo ya Ruangwa ilipofika makundi ya Kombe la Shirikisho Afrika msimu wa 2020/21, vijana wote wa kusini walianza kuota ligi kuu, na kwa wengi ndoto hiyo ilikuja na neno jimu. Wanachohitaji kwanza ni kukaa wazima. FIFA wana utaratibu wa kupasha mwili uitwao FIFA 11+, mazoezi 15, kama dakika 20, kifaa ni mpira na uwanja. Kuruka na kutua kwa mguu mmoja, kujishikilia kwa viwiko, kupiga magoti mwenzako akakushika visigino ukajishusha mbele taratibu. Ulijaribiwa Norwei kwa wasichana wa miaka 13 hadi 17, na matokeo ya 2008 yalionyesha majeraha kwa jumla yamepungua kwa karibu theluthi moja. Wasichana huumia kano za goti zaidi ya wavulana, hasa kwenye kutua na kukata kona. Tunaufanya kila jioni ya mpira. Unachosha kuutazama, ndiyo maana makocha wengi wanauruka.

Wapo sasa wale wa upande wa pili. Mtoto wa nyumba yenye bomba, anayepelekwa shule kwa bodaboda, tuisheni mpaka jioni, simu mpaka usiku. Idadi yao Mtwara inaongezeka. Mwambie achuchumae, visigino vinapaa na anaanguka nyuma. Mwambie arushe jiwe, anarusha kwa kiwiko. Huyu ndiye Hébert alimwandikia. Nampa kutambaa, kukwea kamba, kubeba, michezo ya rede na kombolela, kila kitu ambacho miaka ya nyuma mtaa ulimfundisha bila mwalimu. Kwa hiyo jioni moja, timu moja, jezi moja, nina mmoja anayetambaa na kubeba, na mwingine ambaye zoezi lake la siku ni kulala chini ya mwembe robo saa miguu juu, kwa sababu ametoka majini alfajiri. Mgeni akipita anaona nampendelea mmoja.

Ndoo zenyewe sijazitupa. Ndoo ya rangi ina alama za lita, na mchanga mkavu una uzito wa kama kilo moja na nusu kwa lita. Ukijaza lita 5 una kilo 7 na ushei, lita 10 una 15, na unaweza kumpandisha kijana kidogokidogo kwa wiki. Mkono wa kushoto, mkono wa kulia, kifuani, begani, njia iliyonyooka, njia ya kupanda. Jambo lile la nyumbani linageuka kuwa zoezi mara tu unapojua kilo ngapi, hatua ngapi, na siku ngapi za kupumzika.

Kwa msichana wa tufe, hata hivyo, ndoo zimefika mwisho. Tufe la wanawake wakubwa ni kilo 4, na kulirusha mbali kunataka miguu iliyozoea uzito ambao ndoo haiwezi kuubeba bila kukatika mshikio. Wanaopinga vyuma kwa kuwa si vya asili waje wamwambie yeye. Fundi magari mmoja ametupatia ekseli iliyokwisha kazi, makopo ya rangi tunayo, saruji tumechanga, na Jumamosi, maji yakishajaa na ufukwe ukafungwa, tunamimina zege makoponi, ekseli iwe chuma chake cha kunyanyua.